Kanzu ya Rejeta

Mwezi uliopita gari langu lilichemsha nikitoka kazini. Fundi akafungua boneti, akangoja mvuke upungue, akachungulia, kisha akaniambia, "Mama, kava la feni limepasuka. Feni inazunguka vizuri tu, ila hewa inapita pembeni badala ya kupita kwenye rejeta." Alisema taratibu, kwa sauti ya kumwelewesha mtu asiyejua kitu, maana nilikuwa nimevaa nguo za ofisini na mkoba nimeukumbatia usiguse grisi. Nikamjibu kwamba najua. Nikamwonyesha kwa kidole mahali hewa inapotorokea. Akacheka, akauliza nani alinifundisha. Nikasema, "Fundi mmoja wa zamani, kwetu Kigoma." Akasema huyo alikuwa fundi kwelikweli. Nikageuka, nikajifanya nasoma ujumbe kwenye simu, kwa sababu uso ulikuwa umeniiva kwa aibu.

Sisi tuliokulia kule mwisho wa reli tunaikumbuka ile miaka ya wakimbizi. Tunakumbuka maboti yaliyoingia yamejaa watu, magodoro na mbuzi, akina mama wakishuka majini na sufuria vichwani. Tunakumbuka madebe ya mafuta ya msaada, namna yalivyozagaa kila nyumba yakiwa ndoo, vibatari na milango ya mabanda ya kuku. Wenzangu wakianza kukumbushana hayo kwenye harusi na misiba huwa nacheka nao, nachangia habari za debe hili na lile, halafu mazungumzo yakikaribia watu wenyewe naenda jikoni kutafuta maji ya kunywa. Leo siendi jikoni.

Baba yangu alikuwa fundi magari, na gereji yake ilikuwa ua wa nyumba yetu pale Kasingirima. Tuliishi na Bibi, mama yake Baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Babu zake Bibi walitoka ng'ambo ya ziwa enzi za biashara za misafara, na ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga huko, alisema "kwetu" akinyoosha kidole kwenye ile milima ya Kongo iliyoonekana mvua ikikatika. Ndiyo maana siku alipomkuta fundi bati mmoja wa Kongo amekaa nje ya hospitali, mwanawe amelazwa ndani, mwenyewe hana pa kulala, alimleta nyumbani bila kumuuliza Baba. Akampa stoo ya vipuri alale.

Tulimwita Baba Furaha, kwa jina la binti yake. Furaha alikuwa rika langu, labda mkubwa kwa miezi. Mguu wake ulivunjika siku ya kukimbia, ukaungwa vibaya, ukaoza, na kutoka kambini wakaletwa mjini ili uvunjwe na kuungwa upya. Mama yake alibaki kambini na mapacha wachanga. Kibali cha Baba Furaha cha kuwa nje ya kambi kilikuwa cha wiki mbili. Mguu ulidai miezi. Wiki mbili zilipokwisha hakurudi, kwa sababu mgonjwa hospitalini hulishwa na watu wake, na Furaha hakuwa na mtu mwingine. Kila siku baada ya alasiri alifunga sufuria kwa kitambaa, ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka wa mawese aliopika Bibi, akaenda kwa miguu mpaka wodini, akamlisha mwanawe, akarudi.

Bibi alinikalisha chini akanieleza. "Ukiulizwa na mtu yeyote, huyu ni mjomba wako. Ametoka kijijini. Umesikia? Wakimjua watamrudisha kambini, na yule mtoto atakufa na njaa kitandani." Nikasema nimesikia. Nilikuwa na miaka kumi, na nilisikia vizuri sana.

Wakati huohuo Baba alikuwa na balaa lake. Bwana Nasoro, mfanyabiashara wa mawese, alikuwa na gari, saluni ndogo nyekundu ambayo Baba aliipachika injini kubwa ya gari jingine. Matajiri wa mjini walikuwa wamepanga kushindana magari: waondoke Kigoma mjini, wapite Mwandiga, wapande vilima kwa barabara ya vumbi, wageuze, warudi. Gari la Bwana Nasoro lilikuwa na mbio kuliko yote, lakini kila lilipojaribiwa lilichemsha vilimani likarudi likivutwa kwa kamba. Baba alibadilisha mipira ya maji. Akasafisha rejeta. Akatoa themostati akaitupa. Bado likachemsha. Bwana Nasoro akasimama uani kwetu, mbele ya wateja wengine, akasema, "Fundi, kama huwezi sema huwezi. Nimpelekee mtu anayeweza." Baba, ambaye alikuwa haishiwi maneno, alifuta mikono tu kwenye tambara lililokuwa chafu kuliko mikono.

Baba Furaha alikuwa barazani anakunja karai. Bwana Nasoro alipoondoka alisogea pale kwenye gari, akachungulia kwa muda mrefu. "Fundi," akamwambia Baba, "hii moto haiko ya maji. Iko ya upepo." Kisha akamwomba Bibi chetezo na ubani.

Mimi nilitoka shule nikayakuta hayo katikati. Nilisimama kwenye mlango wa jiko. Injini ilikuwa inanguruma. Baba Furaha alikuwa amechuchumaa mbele ya pua ya gari, chetezo mkononi, moshi wa ubani unapanda, anakipeleka kulia, anakipeleka kushoto, anakiinua, huku akinong'ona kwa lugha ya kwao. Baba alisimama pembeni kimya, kichwa kakiinamisha, mikono kaikunja nyuma. Nyumbani kwetu ubani ulichomwa kwa mambo matatu: maulidi, maiti na pepo. Gari halikuwa maulidi wala maiti. Nikajua moja kwa moja kwamba injini ile ina pepo, na kwamba mgeni wetu anampunga.

Sasa lazima niwaambie kuhusu shule. Pale darasani niliitwa Grisi. Kwa ajili ya gereji, na kwa sababu sare yangu ilikuwa haikosi doa jeusi hata Bibi aifue vipi. Msichana mwenye mamlaka ya nani aruke kamba na nani ashike kamba alikuwa Zuhura, na mimi tangu nianze shule nilikuwa nashika kamba. Kesho yake wakati wa mapumziko nilimvuta Zuhura kando nikamwambia kwamba kwetu kuna mganga kutoka Kongo, na kwamba jana amelifukiza gari la Bwana Nasoro kwa macho yangu. "Muongo!" Zuhura akasema. "Wallahi," nikasema. Akaniangalia, akaangalia wenzake. Siku ile niliruka kamba mpaka kengele ikagongwa.

Mnaweza kusema hilo halikuwa kosa kubwa. Mtoto ameona moshi, amesema alichoona. Hata mimi kwa miaka mingi nilisimulia mpaka hapo tu, moyoni, kisha nikajisamehe. Lakini haikuishia hapo.

Siku chache zilizofuata Baba Furaha alitengeneza kitu ambacho yeye alikiita kanzu. Nilikuwepo, maana ilikuwa likizo fupi, na sikutaka kukosa dawa. Kwanza alikata boksi la sabuni, akalipenyeza kati ya rejeta na feni, akachora kwa mkaa, akalitoa, akalipunguza, akalirudisha. Alifanya hivyo mara nyingi hata nikachoka kuhesabu, kama fundi cherehani anayempima bwana harusi mwenye kitambi. Boksi liliporidhisha ndipo akalilaza juu ya bati bapa na kukwaruza alama kwa msumari. Baba alitaka waunganishe kwa moto. Baba Furaha akakataa. "Bati hii iko nyembamba. Moto itaipindisha. Tutaikunja tu." Alikuwa na kipande cha reli cha kufulia bati, na nyundo ya mti. Akakunja kingo, akaziingiza moja ndani ya nyingine, akazigonga taratibu mpaka zikashikana pasipo na upenyo wa unywele. Katikati akatoboa tundu la duara kwa ajili ya feni, na ukingo wake akaukatakata vijilimi akavikunja nyuma ili bati lisichanike kwa mtikisiko. Nafasi kati ya feni na bati aliipima kwa kidole chake kidogo, akizungusha feni kwa mkono na kusikiliza kama inakwaruza.

Mimi nikauliza, "Mjomba, dawa utaweka wapi?"

"Dawa gani?"

"Ya pepo."

Alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Kisha akaniangalia vizuri, nadhani aliona kwamba sifanyi mzaha. Akamwomba Bibi chetezo tena. Akamwambia Baba awashe injini. "Kuja hapa, mutoto. Shika weye mwenyewe."

Nikashika chetezo mbele ya gari. Kanzu ilikuwa bado chini. Moshi ukaenda kidogo mbele, kisha ukagawanyika, mwingine kulia, mwingine kushoto, mwingi ukapanda juu ya rejeta. Akazima injini, wakaifunga kanzu kwa ribiti na boliti, wakawasha tena. Moshi ukanyooka. Uliingia wote kwenye rejeta, na nilihisi mkono wangu unavutwa nao.

"Umeona? Upepo iko kama mbuzi. Ukimuachia mulango wazi pembeni, atapita pembeni. Sasa nimefunga milango yote, amebaki na moja. Njo hiyo tu. Hakuna dawa, hakuna pepo. Na ile siku ulisikia ninasema maneno? Nilikuwa ninahesabu. Mimi ninahesabu na Kibembe, ya Kiswahili inanipotea."

Nilielewa. Nataka hili nisiliache lipite hivihivi: nilielewa kila neno. Nilielewa vizuri hivi kwamba miaka karibu thelathini baadaye nimemwonyesha fundi wa mjini hewa inatorokea wapi. Nilifurahi hata, kama mtoto anavyofurahi kupewa kitu cha watu wazima. Nilikaa na furaha hiyo mpaka shule ikafunguliwa.

Siku ya kufungua, Zuhura alikuwa ananingoja getini na wenzake wanne. "Haya, tuambie," akasema. "Mganga amefanya nini tena?"

Nilikuwa na la kusema. Ningeweza kuwaambia habari ya mbuzi na mlango. Nilifungua mdomo niiseme, nikaona namna nyuso zao zilivyokaa tayari kusikia kitu cha kutisha, nikajua nikisema bati, nikisema boksi la sabuni, saa nne nitakuwa nimeshika kamba. Nikasema amechinja jogoo mweusi. Nikasema damu ameipaka ndani ya bati, kisha bati akalifunga ndani ya gari mahali pasipoonekana. Nikasema anaongea na watu wa chini ya ziwa kwa lugha yao, na kwamba atakayeshindana na gari lile gurudumu litamchomoka. Maneno yalikuja yenyewe, mengi, matamu. Zuhura alinishika mkono tukaingia darasani pamoja. Jina la Grisi lilikufa siku ile.

Mashindano yalifanyika siku ya mapumziko asubuhi. Sisi tulisimama Mwandiga kando ya barabara, mimi juu ya ngazi za duka, Baba chini yangu amekunja uso kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Magari yalipita yakielekea vilimani, vumbi jekundu likatufunika wote. Tukangoja. La kwanza kurudi lilikuwa saluni nyekundu. Halikutoa mvuke hata chembe. Baba alitupa kofia yake hewani, na sijui mpaka leo iliangukia wapi.

Watu wakaanza kuimba. "Dawa ya Mkongo! Dawa ya Mkongo!" Mwanzoni sikuelewa wamelitoa wapi. Kisha nikaelewa, nikashuka kwenye ngazi. Baba alikuwa anajaribu kuwaeleza wale waliomzunguka, "Ni bati, jamani, ni bati tu, hewa ilikuwa inapita pembeni," na wao wanamcheka na kumpiga mgongoni. "Fundi nawe! Bati gani linaloshinda gari la matajiri?" Mmoja akasema anataka kuonyeshwa huyo mganga, ana shida ya nyumbani. Aliyeshika nafasi ya pili alikuwa na jamaa wengi, na wao hawakuimba. Walisimama pamoja wanaongea kwa sauti ya chini.

Kazi nzuri kuliko zote nilizoshuhudia mtu akifanya kwa mikono yake, na mji mzima ukaamini ni uchawi. Mtu aliyepima kwa kidole chake kidogo. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nione haya, hata kama yasingetokea yaliyofuata.

Siku ya tatu, mchana, walikuja. Tayari watu walikuwa wamekwisha kuja: mama mmoja mwenye mtoto wa degedege, kijana anayetafuta kazi, wote wakiuliza mganga yuko wapi, Bibi akiwafukuza bila kuelewa. Lakini hawa walikuwa mtendaji wa kata, mgambo wawili, na jamaa wa yule aliyeshindwa. Baba Furaha alikuwa barazani anakata bati. Mtendaji alisalimia vizuri, "Shikamoo, Bibi," akakaa, akasema ameletewa malalamiko kwamba kuna mtu anafanya uganga bila ruhusa, na tena mgeni. Akaomba kuona kibali chake.

"Huyu ni shemeji wa mwanangu," Bibi akasema. "Kibali cha nini mtu na kwao?"

"Shemeji kutoka wapi, Bibi?"

"Kijijini."

Mtendaji akanigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ufagio. "Binti, huyu ni nani yako?"

"Mjomba," nikasema.

Hakukasirika. Alitabasamu hata. "Mjomba. Mbona mwanangu ameniambia wewe ndiye uliyesema kwenu kuna mganga kutoka Kongo? Mnasoma darasa moja. Habari za jogoo, za damu kwenye bati, zote amezitoa kwako."

Baba alikuwa chini ya saluni nyekundu, akatoka akaketi palepale mchangani. Bibi hakuniangalia. Aliyeniangalia ni Baba Furaha, mkasi wa bati bado mkononi, na uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa anatafuta kitu usoni mwangu, nadhani alikuwa anatafuta siku ile ya chetezo, kama niliyasema hayo kabla yake au baada. Mimi nikaangalia ufagio. Akaelewa kwamba niliyasema baada.

"Ni mutoto," akamwambia mtendaji. "Musimuulize tena. Kibali iko na mimi lakini imekwisha."

Baba alitoa mabaki ya bati, alitoa boksi la sabuni lenye alama za mkaa, akataka awashe injini awaonyeshe. Mtendaji akasema habari ya uganga hata yeye haimsumbui sana, ila kibali ni kibali, na lori la kwenda kambini liko stendi linaondoka sasa hivi. Baba Furaha aliomba jambo moja tu, wapitie hospitali amuage mwanawe. Mtendaji akatazama saa, akasema hakuna nafasi. Basi akaweka mkasi juu ya karai lililokuwa nusu, akachukua shati lake, akampa Bibi mkono. Akasimama mbele yangu. "Umupelekee Furaha chakula. Umwambie niko ninakuja." Nikaitikia kwa kichwa. Wakaenda naye, katikati ya mgambo, akipiga hatua fupifupi kama mtu aliyesahau kitu ndani.

Hakuja. Kibali kingine kilihitaji barua na muda, na aliyewahi kukaa nje bila ruhusa hakuwa wa kwanza kupewa. Baba alikwenda mara mbili kwa waliohusika, akaambiwa asubiri. Furaha alikaa wodini wiki sita zaidi, kisha akachukuliwa kurudishwa kambini kwa gari, na mimi nikiwa shule. Baadaye watu wa kambi walirudishwa kwao makundi kwa makundi. Sijui waliishia wapi. Nilipokuwa mtu mzima ningeweza kuuliza, nina hata watu niliosoma nao wanaofanya kazi na wakimbizi, na sijauliza.

Hakuna aliyenichapa. Nilingoja fimbo siku nzima na haikuja. Baba aliacha kuniita jina langu la utani la nyumbani kwa muda, basi. Na lile neno la Baba Furaha, kwamba ni mtoto, nimejifunika nalo maisha yangu yote. Kila aibu ilipokuja nilisema nilikuwa mtoto, sikujua. Ni kweli nilikuwa mtoto. Kutojua ndiko kwenye uongo. Siku ya kwanza sikujua. Siku ya pili, pale getini, nilijua mambo yote mawili: nilijua moshi ule ulikuwa wa nini, na nilijua yule mtu hapaswi kutajwa. Nikayapima yote hayo na kuruka kamba, nikachagua kamba.

Adhabu ya Bibi ilikuwa sufuria. Jioni ileile alipika kama kawaida, akafunga kitambaa, akaniweka mkononi. "Utapeleka wewe. Leo na kila siku." Hakusema zaidi.

Wodi ile nilikuwa nimeifika mara mbili au tatu nikifuatana na Baba Furaha. Kitanda cha jirani alilala mama mmoja wa Kiha kutoka Kasulu, mchangamfu, ambaye alikuwa akitupokea kwa "Mwakeye!" ya sauti kubwa na kuomba aonje mawese ya Bibi. Jioni ile alinipa mgongo. Alikuwa amefunga kanga yake kati ya kitanda chake na cha Furaha, kutoka nguzo hadi nguzo. Kitanda cha upande wa pili kilikuwa kitupu, mgonjwa wake amehamia mwisho wa chumba. Furaha alikuwa katikati, mguu umening'inizwa kwa mawe, anaangalia mlango. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu, akangoja.

"Baba iko wapi?"

"Amepata kazi," nikasema. "Amesema anakuja."

Aliamini. Uso wake ulilegea. Nikafungua sufuria, nikamnawisha mikono kama nilivyowahi kumwona baba yake akifanya. Akasema kwa sauti ya chini, ili mama wa upande wa pili wa kanga asisikie, "Banaogopa chakula yangu. Tangu jana. Banasema baba yangu ni mulozi, iko inaweka damu mu bati." Macho yalimjaa maji lakini hakuyaacha yaanguke. "Baba hajui hata kuchinja kuku. Mama njo anachinja. Nani alisema hiyo maneno?"

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Hakukuwa na Zuhura, hakukuwa na kamba. Hakuna mtu ambaye angenicheka.

"Sijui," nikasema.

Akatikisa kichwa, akajifuta macho kwa bega. Kisha akamega mgebuka katikati, akatazama vipande viwili, akanisogezea kile chenye mayai. "Weye hauogopi," akasema. "Banakimbia bote, weye umekuja. Kula, dada."

Nikala.